Kwa nini kahawa haimtajirishi mkulima: jibu la Arthur Lewis

Shuka basi kwenye stendi yoyote kubwa, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, na kabla mguu haujagusa chini mkono wa mtu umeshashika begi lako. "Bosi, nikusaidie?" Begi ni moja, vijana ni sita. Wakiondoka watatu, mizigo yote ya siku hiyo itabebwa vilevile na hakuna abiria atakayejua kuna waliopungua.

Mchumi Arthur Lewis aliwaona vijana wa namna hii kwenye bandari za nchi maskini, akawaingiza katika makala aliyoichapisha mwaka 1954 katika jarida la Chuo Kikuu cha Manchester. Hawakuwa peke yao humo. Kulikuwa na mtunza bustani wa kibarua, mchuuzi ambaye meza yake ikiondolewa sokoni mnunuzi hapungukiwi kitu, na watumishi wa nyumbani walioajiriwa kwa sababu tu mwenye nyumba kubwa huonekana bahili asipowaajiri. Wachumi wengi wa wakati ule walianza hesabu zao wakichukulia kwamba idadi ya wafanyakazi ina kikomo, na kwamba kila mmoja analipwa kadiri ya anachoongeza. Lewis alianza na kijana wa begi.

Makala hiyo ndiyo iliyompa sehemu kubwa ya sifa zilizomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Lakini muulize mwanafunzi wa uchumi Lewis alisema nini, atakujibu haraka: watu watoke shambani waende viwandani, nchi itaendelea. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na kwa msomaji anayelima au aliyelelewa na anayelima, nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1915 mjini Castries, katika kisiwa cha Saint Lucia huko Karibi, koloni la Waingereza lililoishi kwa miwa. Wazazi wake walikuwa walimu waliohamia kutoka Antigua. Alipokuwa na miaka saba aliugua akakosa shule, na baba yake akawa anamfundisha nyumbani. Ndani ya miezi mitatu mtoto alikuwa amejifunza mengi kiasi kwamba aliporudi alitolewa darasa la nne akapelekwa la sita. Lewis mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba tangu siku hiyo hadi anatimiza miaka 18 alikaa na watu waliomzidi miaka miwili mitatu, akawa anajiona mdogo na dhaifu kila siku, na akajifunza mapema kwamba alama za juu si kila kitu. Baba huyo alifariki Lewis akiwa bado na miaka saba, akamwacha mama na wavulana watano.

Akamaliza shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi ya ukarani serikalini huku akisubiri umri wa kufanya mtihani wa ufadhili. Alipoupata hakuwa na hamu hata kidogo ya uchumi; alikiri baadaye kwamba mwaka 1933 hakujua uchumi ni kitu gani. Alitaka kuwa mhandisi. Ila serikali ya kikoloni haikuajiri mhandisi mweusi, na kampuni za Wazungu hazikumtaka, kwa hiyo akachagua biashara katika Chuo cha Uchumi cha London, chuo kilekile alichosoma Jomo Kenyatta miaka hiyohiyo. Katika masomo ya biashara ndimo alimokutana na uchumi. Mwaka 1938 akawa mhadhiri wa kwanza mweusi wa chuo hicho, na mwaka 1948, akiwa na miaka 33, akawa profesa Manchester, mtu mweusi wa kwanza kushika kiti cha uprofesa katika chuo kikuu cha Uingereza.

Alikuwa akitembea na maswali mawili tangu ujana. La kwanza: wakati wa mapinduzi ya viwanda Uingereza, faida za wenye viwanda zilipanda sana, lakini kwa miongo kadhaa mshahara halisi wa mfanyakazi ulikaa palepale. Vitabu vilisema kazi zikiongezeka mshahara hupanda. Mbona haukupanda? La pili: ni nini kinachoamua bei ya kahawa ikilinganishwa na bei ya chuma? Kwa nini anayechuma kahawa kutwa nzima anapata sehemu ndogo tu ya anachopata anayeyeyusha chuma kwa muda uleule?

Agosti 1952 alikuwa akitembea barabarani mjini Bangkok alipogundua ghafla kwamba maswali yote mawili yana jibu moja. Kwa maelezo yake ilichukua kama dakika tatu.

Tuanze na la mishahara, ambalo ndilo rahisi. Chukua familia yenye ekari tatu na vijana watano. Kazi ya shamba inatosha watatu. Hata hivyo wote watano wanalima na wote wanakula chungu kimoja, maana hakuna baba anayempimia mwanawe ugali kwa idadi ya matuta aliyolima. Kila mmoja anapata wastani wa kilichomo chunguni, hata kama yeye binafsi ameongeza kidogo sana. Sasa mmoja akienda mjini, chungu hakipungui kwa kiasi cha kuhisika. Na ili aende, kiwanda hakihitaji kumlipa kulingana na nguo anazofuma. Kinahitaji kumlipa zaidi kidogo ya chungu cha nyumbani. Lewis alikadiria nyongeza hiyo kuwa asilimia 30 au zaidi, fidia ya kodi ya chumba na ya kuishi mbali na ndugu.

Maadamu vijijini bado kuna vijana wa namna hiyo, ukitangaza nafasi kumi wanakuja mia, na mshahara hausogei. Kiwanda kinaongeza mashine, uzalishaji unapanda, na nyongeza yote inaingia mfuko wa mwenye mtaji. Akiirudisha kwenye mtaji, kiwanda kinakua na kuchukua vijana wengine. Lewis aliona hapo ndipo siri ya nchi kuendelea ilipo: ilikuwa inaweka akiba asilimia 4 au 5 ya pato lake, sasa inaweka 12 hadi 15, na akiba hiyo haitoki kwa maskini waliojifunza kubana matumizi bali kwa faida kuwa sehemu kubwa zaidi ya pato la nchi. Mwenye mtaji anaweza kuwa serikali pia. Lewis alikuwa karibu na wasoshalisti wa Kifabiani, Waingereza waliotaka ujamaa uje polepole kwa mageuzi, na hilo halikumsumbua. Mwisho vijana wa ziada wanakwisha, mshahara unaanza kupanda, na hadithi inabadilika. Wachumi wanaoitazama China wamebishana miaka mingi kama kona hiyo imeshafikiwa au la.

Hapa ndipo vitabu vingi vya kiada vinapofunga mjadala. Mchoro, mistari miwili, mtihani. Wanaruka hata sentensi ambayo Lewis aliiweka mwanzoni kabisa mwa makala: kwamba dhana yake inafaa nchi kama Misri, India na Jamaika, lakini haifai kila mahali, kwa kuwa sehemu fulani za Afrika zilikuwa na upungufu mkubwa wa wanaume wa kufanya kazi. Mtu aliyewekwa kwenye mtihani kama mtetezi wa kuwatoa Waafrika shambani alikuwa amewatoa baadhi yao kwenye kanuni yake tangu ukurasa wa kwanza.

Swali la kahawa ndilo zito, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Namba zinazofuata ni za mfano tu.

Kuna nchi mbili. Moja ya baridi, inaweza kulima chakula au kuzalisha chuma. Nyingine ya joto, inaweza kulima chakula au kahawa. Chakula kinalimwa kote kuwili, na ndicho kipimo. Katika nchi ya baridi siku moja ya kazi inatoa vipimo vitatu vya chakula, au vitatu vya chuma. Katika nchi ya joto siku moja inatoa kipimo kimoja cha chakula, au kimoja cha kahawa. Hakuna Mzungu atakayeyeyusha chuma kwa malipo yanayopungua vipimo vitatu vya chakula, kwa sababu anaweza kubaki shambani akavipata. Na Mwafrika? Atakubali kulima kahawa kwa thamani ya kipimo kimoja, kwa sababu akiiacha akarudi kwenye mahindi atapata hichohicho kimoja. Sokoni basi kipimo cha kahawa kitabadilishana na kipimo cha chuma, maana yake siku moja ya mfua chuma inanunua siku tatu za mkulima wa kahawa. Hapo hakuna aliyeiba kwenye mizani.

Sasa aje bwana shamba na mbegu mpya, kahawa iongezeke mara mbili. Siku moja inatoa vipimo viwili vya kahawa. Mkulima anafurahi msimu mmoja, pengine miwili. Lakini siku yake shambani kwenye mahindi bado ina thamani ya kipimo kimoja cha chakula, jirani zake wanaingia kwenye kahawa, na bei inashuka mpaka vipimo viwili vya kahawa vinanunua kimoja cha chakula. Amerudi alipokuwa. Aliyenufaika ni mnywaji wa kahawa huko ng'ambo.

Badili upande. Acha kahawa ilivyo, ongeza mahindi mara tatu. Siku moja inatoa magunia matatu badala ya moja. Nani atalima kahawa sasa kwa thamani ya gunia moja? Hakuna. Wengi wanaiacha, kahawa inaadimika, na bei inapanda mpaka siku ya kahawa iwe na thamani ya magunia matatu. Mkulima wa kahawa ametajirika kwa sababu ya mahindi.

Kila ninapolipitia hoja hili naona jinsi linavyopindua mazoea yetu. Kwa miongo mingi, ukitaka kumwinua mkulima unampa zao la biashara lililoboreshwa, na chakula unakiacha kwa mama na jembe la mkono. Lewis alisema mkono huo wa mama ndio unaoweka bei ya kahawa. Mfano wake aliouchukua nyumbani ni wa miwa: mavuno ya sukari kwa ekari yalikuwa yameongezeka mara tatu katika miaka 75, maendeleo ambayo ngano haikuyaona, na bado mfanyakazi wa miwa alitembea pekupeku na kulala kwenye kibanda, huku mkulima wa ngano akiwa miongoni mwa wanaoishi vizuri zaidi duniani. Bila shaka kijiji kimoja kikiboresha kahawa yake peke yake kinaweza kunufaika kwa kuwa hakiwezi kutikisa bei ya dunia. Hoja yake ni kuhusu ukanda mzima wa joto ukifanya hivyo kwa pamoja.

Miaka ya 1970 aliirudia hoja kwa historia. Kufikia mwaka 1900, ekari ya ngano Uingereza ilitoa pauni 1,600 za nafaka, wakati ekari ya nafaka katika nchi za joto ilitoa kama 700. Katika zama zile watu wapatao milioni 50 walitoka Ulaya kwenda Amerika, Australia na kwingineko, na idadi inayokaribiana na hiyo walitoka India na China kwenda kufanya kazi mashambani na migodini. Kumtoa Mzungu kwao kulihitaji malipo yanayozidi ngano ya kwao. Kumtoa Mhindi kulihitaji kidogo tu. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba kati ya 1896 na 1901, na mtu anayetaka kuelewa kwa nini walikubali kulala porini Tsavo kwa ujira ule ataanzia kwenye hali ya mashamba waliyoyaacha nyuma.

Kuna jambo linalofuata kutoka hapo, na Lewis, kwa kawaida mwandishi wa sauti ya chini, hakulizungukazunguka. Kama mshahara wa shamba la mkoloni unategemea kile Mwafrika anachokipata kwake, basi mwenye shamba ananufaika kile cha kwake kikibaki kidogo. Aliandika kwamba rekodi ya kila dola ya kikoloni katika Afrika ya zama zile ni ya kufukarisha uchumi wa kujikimu: kwa kuwanyang'anya watu ardhi, kwa kuwalazimisha kufanya kazi, au kwa kuwatoza kodi ili wakatafute ajira kwa mabepari. Msomaji wa Kenya hahitaji mfano wa mbali. Kodi ya nyumba, hifadhi za "wenyeji", kipande (cheti cha utambulisho wa kazi) shingoni, na katika maeneo mengi marufuku ya Mwafrika kulima kahawa, iliyoanza kulegezwa katika sehemu chache miaka ya 1930. Mpango wa Swynnerton, uliofungua mlango wa kahawa kwa wakulima Waafrika kwa upana, ulitoka mwaka uleule wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, na nia yake ya kisiasa haikuwa siri.

Mwaka mmoja kabla ya makala, Lewis aliiandalia serikali ya Gold Coast, koloni ambalo leo ni Ghana, ripoti iliyomwomba kuhusu viwanda. Kwame Nkrumah alikuwa anaelekea uhuru na alitaka moshi wa viwanda. Lewis akampa ripoti kuhusu viwanda ambayo kipaumbele chake cha kwanza kilikuwa chakula. Hoja ilikuwa ileile, sasa kwa lugha ya mpango: mkulima ndiye mteja wa kiwanda, na kama anavuna cha kula tu hana cha kununulia shati. Tena mkulima ndiye atakayemlisha mfanyakazi wa kiwandani. Asipozalisha zaidi, watu wakihamia mjini chakula kitapanda bei, mishahara itafuata, na faida iliyotarajiwa itayeyuka. Viwanda ndiyo, lakini vije juu ya kilimo kinachokua.

Baada ya uhuru Nkrumah alimwita awe mshauri wake wa uchumi, na Lewis akafika Accra mwaka 1957. Haikuchukua muda. Mpango wa pili wa maendeleo ulipoandaliwa, Lewis alilalamika kwamba una miradi mingi mno ambayo Waziri Mkuu anaing'ang'ania kwa sababu za kisiasa, huku huduma za lazima zikipewa kidogo. Nkrumah alimjibu kwa unyoofu ambao nauheshimu: ushauri wako ni mzuri, lakini ni wa kiuchumi, nami ni mwanasiasa na sina budi kucheza kamari na siku zijazo. Mwishoni mwa 1958 Lewis akaondoka kabla muda wake haujaisha. Ni rahisi leo kumpa Lewis ushindi wote. Ila bwawa la Akosombo, lililokuwa moyo wa kamari ile, bado linaiwashia Ghana taa, na sijui ni mchumi gani angemshauri kiongozi wa nchi changa asijaribu.

Upinzani wa kitaaluma ulikuwa mkali pia. Theodore Schultz, aliyegawana naye Nobel ileile ya 1979, alikuwa ameshapinga wazo la kwamba kuna watu shambani ambao wakiondoka hakipungui kitu. Ushahidi wake ulikuwa mafua makuu ya India ya 1918 na 1919: watu walikufa kwa wingi, na eneo lililolimwa likapungua. Lewis alijibu kwamba hoja yake haihitaji mchango wa mtu wa mwisho uwe sifuri kamili. Inahitaji tu watu wapatikane kwa wingi kwa mshahara uliopo. Nadhani katika hili alikuwa na haki, ingawa mwenyewe ndiye aliyeleta mkanganyiko kwa namna alivyoandika.

Pigo linalouma zaidi lilitoka Nairobi. John Harris na Michael Todaro, waliofanya utafiti huko miaka ya 1960, waliona kitu ambacho mchoro wa Lewis haukukieleza: watu waliendelea kumiminika mjini hata pale ambapo kazi hazikuwepo. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira kwa sharti la mishahara kutopanda. Foleni ya wasio na kazi haikuisha, kwa kuwa habari za nafasi mpya ziliwavuta wengine kutoka vijijini. Katika makala yao ya 1970 walieleza kwamba anayehama hafuati mshahara peke yake, bali mshahara ukizidishwa kwa bahati ya kuupata. Kijana yuko tayari kukaa miezi minane kwa shangazi yake Eastlands akisubiri nafasi moja, kwa sababu nafasi hiyo ikipatikana inalipa mara kadhaa ya shamba.

Mimi ningeongeza la tatu, la mtaani zaidi. Mashine yote ya Lewis inaendeshwa na dhana kwamba mwenye faida ataiwekeza tena. Yeye alikuwa akiwafikiria wafuma nguo wa Manchester. Faida ya mjini kwetu mara nyingi inaishia kwenye kiwanja cha pili, nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne, au inavuka bahari. Vijana wanatoka shambani kama alivyosema, kisha wanakuta kiwanda hakikuongezwa mashine, na wanarudi kushika mabegi.

Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha West Indies, akafundisha Princeton kuanzia 1963 hadi 1983, na kati ya 1970 na 1973 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi. Katika hotuba yake ya Nobel aliuliza nchi maskini zifanye nini ikiwa ukuaji wa nchi tajiri, ambao ndio unaovuta mazao yao, utapungua. Jibu lake lilikuwa ziuziane zenyewe kwa zenyewe, na alisisitiza kwamba zikiwekwa pamoja zina karibu kila kitu kinachohitajika. Alifariki Barbados tarehe 15 Juni 1991, akazikwa Saint Lucia katika viwanja vya chuo chenye jina lake, juu ya kilima kinachotazama Castries. Sura yake iko kwenye noti ya dola 100 ya Karibi ya Mashariki. Mshairi Derek Walcott, Mnobeli mwingine wa kisiwa hicho, alizaliwa katika mji uleule tarehe ileile ya 23 Januari, miaka 15 baadaye, na kila Januari kisiwa kinawaadhimisha wawili hao kwa pamoja.